Anzia kwenye Mita, Paa Baadaye: Hotuba kwa Wakazi wa Mombasa kuhusu Sola ya Nyumbani

Wazee wetu, shikamooni. Mabibi na mabwana, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Mtu akitaja sola, macho ya wengi hupanda juu ya paa. Leo nawaomba yaende kwanza kwenye mita ya tokeni. Jua tunalo. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na fundi akipiga hesabu huchukua saa 5 za jua kamili kwa siku, wastani wa mwaka mzima. Kinachomfilisi mtu wa kipato cha kati, mwenye friji, feni tatu nne, pampu ya maji na labda AC moja, ni kununua mitambo kabla ya kujua nyumba yake inakula nini mchana na inakula nini usiku. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la stima ni mita.

Fanya hivi kwa siku saba. Saa kumi na mbili asubuhi andika yuniti zilizobaki. Saa kumi na mbili jioni andika tena. Ukinunua tokeni katikati, andika yuniti ulizoongeza. Wiki ikiisha utakuwa na namba mbili, ya mchana na ya usiku. Usipime wiki ambayo nyumba imejaa wageni wa harusi. Ramadhani ipime peke yake, maana mwezi ule usiku hugeuka mchana: taa, feni na jiko hukesha hadi daku, na betri iliyokutosha Shaabani yaweza kukuacha gizani saa tisa.

Halafu chukua risiti ya tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli, kodi na tozo zote zikiwa ndani. Kwa mazungumzo ya leo nitatumia shilingi 30 kwa yuniti kwa kuwa ni rahisi kuhesabu. Wewe tumia ya risiti yako.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu, Tudor au Mikindani, isiyo na AC. Yuniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Friji ya kawaida hula kama yuniti 1.2 kwa siku. Feni tatu za dari za wati 60, saa tisa kila moja, ni yuniti 1.6. Taa kumi za LED za wati 9 kwa saa tano ni karibu nusu yuniti, na televisheni kiasi hicho hicho. Kisanduku cha Wi-Fi kisichozimwa kinakula 0.3. Pampu ya kupandisha maji tangini, wati 750 kwa saa moja, ni 0.75. Mashine ya kufua na pasi kwa pamoja, yuniti 1. Simu na kompyuta, 0.3. Jumla ni yuniti 6 na kidogo, kama 180 kwa mwezi, shilingi 5,400.

Sasa zigawanye. Pampu, kufua na kupiga pasi ni kazi za mchana, na kama kwako hufanywa usiku, hazigharimu kitu kuzihamisha. Kuanzia magharibi hadi alfajiri zinabaki feni, taa, televisheni, nusu ya friji, Wi-Fi na simu, karibu yuniti 3.5. Namba hii ndiyo inayoamua utatumia pesa ngapi, kwa sababu yuniti ya mchana huhitaji kuiweka popote, bali ya usiku lazima uinunulie ghala, na ghala hilo ni betri.

Betri ya lithiamu, ile aina ya LFP ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ikijaa inabeba yuniti 5.1. Usiikaushe, acha asilimia 10, zibaki 4.6. Inveta inapogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani hupoteza karibu asilimia 8, kwa hiyo yuniti zako 3.5 zinakuwa 3.8. Kisha kuna mlaji ambaye wauzaji hawamtaji. Inveta yenyewe, ikiwa imewashwa tu, hula wati 40 hadi 60 hata kama nyumba nzima imelala. Wati 50 kwa saa kumi na mbili ni yuniti 0.6. Tumefika 4.4. Betri moja inatosha, lakini chupuchupu. Mlaji huyo huyo kwa siku nzima anafika yuniti 1.2, sawa na friji ya pili, ndiyo maana kumpa mtu mwenye matumizi madogo inveta ya kilowati 8 "ili iwe na nguvu" ni kumwongezea bili.

Ukiweka AC ya BTU 12,000 chumbani, hata ile inayojipunguza yenyewe, ukakadiria wastani wa wati 500 kwa saa nane za usiku, hiyo ni yuniti 4 peke yake. Unahitaji betri ya pili nzima kwa ajili ya chumba kimoja. Maoni yangu hapa sitayaficha: kwa familia ya kipato cha kati, AC ya usiku ibaki kwenye stima ya kawaida. Iwashe saa tisa alasiri wakati paneli bado zinazalisha, uupoze ukuta na godoro, na usiku feni imalizie kazi. Pesa za betri ya pili zikitumika kupaka paa rangi nyeupe na kuweka dari yenye kizuizi cha joto, nyingine zitabaki mfukoni.

Wapo watakaoambiwa wanunue betri za jeli za volti 12, ampea-saa 200, kwa kuwa ni nafuu. Moja inaandikwa yuniti 2.4, lakini ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo una 1.2. Kupata yuniti 4.4 za usiku utahitaji nne. Na hapa Pwani kuna jambo jingine: betri za asidi, hizo za jeli zikiwemo, zimepimwa kwa joto la digrii 25, na kila digrii kama 10 juu ya hapo hukata umri wake takriban nusu. Stoo ya nyumba ya Kisauni mwezi wa Machi haina digrii 25. Lithiamu nayo haipendi joto, ila inalivumilia vizuri zaidi. Iwe ya aina gani, isifungiwe kabatini chini ya ngazi. Weka mahali penye kivuli na upepo, juu kidogo ya sakafu ili maji ya kufagilia yasiifikie.

Twende sasa kwenye paneli. Nyumba yetu inahitaji yuniti 6 za matumizi, 1.2 za inveta na 0.6 zinazopotea njiani, karibu 8. Paneli nne za wati 550 ni wati 2,200. Zidisha kwa saa 5, kisha kwa 0.75 kwa ajili ya joto, vumbi na hasara za waya: yuniti 8.25. Nne zinatosha siku za kawaida. Masika ya Aprili na Mei ni habari nyingine; siku ya mawingu mazito zinaweza kutoa theluthi tu. Kama paa lina nafasi, weka sita. Paneli moja ina urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.1 hivi, na uzito wa kilo 28, kwa hiyo sita zinataka mita za mraba 16 na mbao zinazoweza kubeba kilo 170 pamoja na vyuma vyake.

Kabla ya kulipa, beba tepu ya kupimia. Jua kamili lina wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri za sasa hugeuza kama asilimia 21 hadi 22. Pima urefu mara upana, gawanya wati za stika kwa eneo hilo. Ukipata 210 au 220, stika inasema kweli. Ukipata 300, stika imebandikwa dukani.

Kuna kosa moja la kuunganisha ambalo huwashangaza hata mafundi waliojifunzia bara kwenye baridi. Inveta nyingi za kilowati 5 huhitaji angalau volti 120 kutoka kwenye paneli ndipo ziamke, na hazitaki zaidi ya 450 au 500. Paneli ya wati 550 ikifanya kazi hutoa volti 42 maabarani, kwenye digrii 25. Juu ya mabati ya Mombasa saa saba mchana kioo kinafika digrii 65, na volti zinashuka hadi kama 37. Paneli tatu kwa mstari, volti 111. Asubuhi mfumo unafanya kazi, jua likipamba moto unazimika, na mwenye nyumba anaambiwa inveta imeharibika. Weka nne au zaidi kwenye mstari mmoja. Joto hilo hilo linakula nguvu pia: kila digrii juu ya 25 huondoa karibu asilimia 0.35, hivyo digrii 40 za ziada ni asilimia 14. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mabati na paneli, upepo upite. Wanaozilaza kabisa kwenye bati ili zipendeze wanajipikia hasara.

Kuhusu mwelekeo, watu hubishana bure. Kwa latitudo yetu, jua hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba. Juni linakuwa kaskazini, kama digrii 27 kutoka utosini, na Desemba kusini, kama 19. Mwinamo wa digrii 10 kuelekea kaskazini unafaa, na kama paa lako linatazama mashariki au magharibi kwa mwinamo mdogo, hasara ni ndogo. Usijenge mnara wa vyuma kwa sababu hiyo. Hata juu ya slabu usilaze paneli bapa kabisa, kwani maji ya mvua yatatuama kwenye fremu na kuacha mstari wa tope.

Kivuli ndicho cha kuogopa. Paneli zilizo kwenye mstari mmoja ni kama mpira wa maji: ukikanyaga sehemu moja, maji yote yanapungua. Mwarobaini wa jirani upande wa kaskazini hautakusumbua Desemba, lakini Juni kivuli chake kitalala juu ya paneli. Mti wa kusini ni kinyume chake. Kwa hiyo usikague paa siku moja ukasema pako wazi. Angalia pia tangi la maji lililoinuliwa, dishi la televisheni, na ghorofa ambalo jirani ameacha nondo zimechomoza juu, maana atapandisha. Na mnazi! Mnazi una balaa mbili, kivuli na nazi yenyewe. Kama kuti likidondoka linagusa paa lako, mwite mkwezi aangue kwanza.

Paa la makuti halibebi paneli. Vyuma havina pa kushika, na cheche moja kwenye kiungo cha waya inatosha. Mwenye makuti ajenge kibanda cha vyuma uani, kama cha kuegeshea gari, aweke huko. Mji wa Kale nao ni eneo la uhifadhi; kabla ya kubadilisha sura ya paa linaloonekana kutoka barabarani, waulize wanaohusika. Kwa mabati, skrubu zishike mbao, siyo bati pekee, na kila tundu liwe na mpira wake. Bati likiwa limeanza kutu, libadilishe sasa. Paneli zinadumu zaidi ya miaka 20, na kuzishusha baada ya minne kwa sababu bati limetoboka ni gharama ya ujinga.

Nimefika kwenye chumvi, na hapa nitakaa kidogo.

Upepo wa Kusi haubagui Nyali na Likoni, unabeba chumvi kisiwa kizima na kupita. Kinachoanza kufa ni vitu vidogo, paneli zenyewe baadaye sana. Boliti za chuma kilichopakwa zinki hushika kutu ndani ya msimu mmoja au miwili, kisha siku paneli inahitaji kushushwa boliti haifunguki. Taka reli za alumini na boliti za chuma kisichoshika kutu, daraja 316 ikipatikana. Fundi akisema analeta hizo, nenda na sumaku ya spika mbovu. Ikinasa kwa nguvu, umeletewa chuma cha kawaida kilichong'arishwa. Boliti hizo zipakwe grisi kabla ya kukazwa, la sivyo hujibana zenyewe. Alumini ikigusana moja kwa moja na chuma cha aina nyingine kwenye unyevu wa chumvi, huliwa. Weka kipande cha mpira katikati. Muulize muuzaji wa paneli kama zimepimwa kwa kipimo cha ukungu wa chumvi, IEC 61701. Namba hiyo huwa kwenye karatasi ya maelezo, na asiyeijua hajawahi kuulizwa.

Waya wa paneli uwe wa shaba iliyopakwa bati, milimita za mraba 4 au 6. Shaba tupu hugeuka kijani ndani ya ganda lake na huoni mpaka iungue. Vile viungo vya plastiki vya MC4 vinavyoshikana kwa kubofya vitoke kwa mtengenezaji mmoja, dume na jike. Vya makampuni mawili vinaingiana, hata sauti ya kubana utaisikia, lakini ndani chuma hakigusani sawasawa, panapashana moto, panayeyuka. Na vibanwe kwa koleo lake maalumu, lile la kawaida liachwe kwenye mkoba. Nyaya zisilale juu ya bati. Zifungwe chini ya reli, zikining'inia kidogo kabla ya kuingia ukutani ili tone la maji lidondoke badala ya kufuata waya ndani.

Kuosha: kila wiki tatu au nne wakati wa kiangazi, asubuhi kabla glasi haijapata moto, kwa kitambaa laini na maji matamu. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo ndiyo nyumba nyingi zinayo, yakikauka huacha ukoko mweupe mgumu kuliko vumbi ulilokuwa unaondoa. Kinga maji ya mvua kwenye pipa kwa kazi hii. Kunguru nao wana mchango wao, na kinyesi chao kisipoondolewa kinafanya kivuli kidogo cha kudumu. Sabuni ya unga usitumie.

Ndani ya nyumba, mambo mawili huunguza zaidi. La kwanza ni swichi. Umeme wa ukutani hugeuka na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ya breka hujizima yenyewe. Umeme wa paneli na wa betri hausimami, na cheche yake huendelea kuwaka kama ya kuchomelea vyuma. Breka ya kawaida ya nyumba iliyowekwa upande wa paneli siku ikifunguka inaweza kushika moto. Iwe imeandikwa DC, yaani ya umeme usiogeuka, na volti zake zizidi za mstari wako. Paneli sita zisizo na mzigo ni volti 300, na hizo zinaua.

La pili ni waya wa betri. Gawanya wati kwa volti: kilowati 5 kwa volti 48 ni ampea 104, na waya wake ni wa milimita za mraba 35, mfupi, wenye vichwa vilivyobanwa kwa mashine, na fyuzi au breka ya ampea 125 karibu na betri. Kilowati 3 kwa betri ya volti 12 ni ampea 250. Ndiyo sababu mifumo ya volti 12 yenye inveta kubwa hunuka plastiki iliyoungua. Kwa nyumba yenye friji na pampu, usikubali chini ya volti 24, na 48 ndiyo sahihi.

Pampu na friji za zamani huvuta mara tatu hadi saba ya wati zake zinapoanza. Pampu ya wati 750 yaweza kudai 4,000 kwa sekunde moja. Inveta ya kilowati 3 ikizimika kila pampu inapowaka, haina kosa, imezidiwa. Na inveta itoe wimbi laini. Zile za bei ya kutupa zenye wimbi la ngazi hufanya feni zivume na mota zipate moto.

Mpangilio wa inveta usiachwe kama ulivyotoka kwenye boksi. Zingine hutoka kiwandani zikidhani betri ni ya asidi, na kuna kipengele cha kusawazisha kinachopandisha volti hadi 58 au zaidi. Betri ya lithiamu yenye seli 16 inataka kuchajiwa kwa volti 56 hivi, na mzigo ukatwe ikifika 48. Kipengele cha kusawazisha kizimwe. Afadhali zaidi, waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta uunganishwe, ziongee zenyewe. Betri inayojikatia saa nne asubuhi kila siku ikiwa imejaa, mara nyingi tatizo ni hili.

Inveta ukutani ipewe nafasi ya nusu mita kila upande, isielekee upepo wa bahari wala jua la magharibi. Ziba kila tundu la waya. Mjusi akiingia kutafuta joto akagusa bodi, anakufa yeye na inveta pamoja, na dhamana haimtambui mjusi.

Eathi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, Mombasa ina ugumu wake, kwa kuwa chini ni mwamba wa matumbawe. Fundi akigonga fimbo ya shaba ya mita 1.2 ikakwama nusu, atakata iliyobaki aondoke. Simama naye. Afadhali fimbo mbili tatu ziunganishwe kwa waya wa shaba, mahali penye unyevu, na zipimwe kwa kifaa. Fremu za paneli, reli na inveta vyote vifungwe huko, pamoja na kizuizi cha radi na miruko ya umeme pande zote mbili, wa paneli na wa stima.

Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikosa stima usiku. Siku kama ile ndipo mtu mwenye paneli zisizo na betri hugundua kwamba hana taa, na hata jua linapochomoza bado hana. Inveta inayofuata gridi, yaani stima ya nyaya za taifa, hujizima stima ikipotea, kwa sheria ya usalama, ili isimpige fundi aliyepanda mlingotini. Anayetaka taa wakati wa giza anunue inveta mseto yenye betri, na aulize swali moja: stima ikipotea, ni soketi zipi zitabaki hai? Nyingi zina njia mbili, na kama fundi hakuhamisha waya za friji na taa kwenye njia ya akiba, betri itakaa imejaa nawe umekaa gizani.

Kuuza umeme kwa gridi kumewekewa kanuni za mwaka 2024. Kwa kifupi, ukipeleka yuniti 100 unahesabiwa 50, na hulipwi taslimu. Kwa hiyo yuniti unayoitumia mwenyewe mchana ina thamani mara mbili ya ile unayoipeleka. Na usithubutu kuusukuma umeme kwenye mita ya tokeni bila idhini: kuna mita zinazohesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, unalipia jua lako mwenyewe. Kwenye inveta, funga kipengele cha kupeleka nje.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Madaraja ni T1 hadi T3, na mifumo mseto tunayozungumzia leo ni ya T3. Omba namba yake na uithibitishe kwa EPRA kabla ya kutoa rubuni. Kisha bei iandikwe kifaa kwa kifaa. Karatasi inayosema "sola kamili kilowati 5" na jumla chini haikuambii kama vyuma ni vya kutu au la.

Je, inalipa? Nyumba yetu ikiokoa yuniti 5.5 kwa siku, ni shilingi 165, karibu 60,000 kwa mwaka. Ukiletewa bei ya shilingi 400,000, gawanya: miaka 6 na miezi 8. Dhamana ya betri ikiwa miaka 10, hesabu inakaa. Anayekuahidi miaka miwili amefanya biashara ya maneno. Nyumba inayotumia yuniti 60 kwa mwezi isinunue sola kwa ajili ya kuokoa pesa. Kama shida yake ni kupotea kwa stima, betri ndogo ya kuendesha feni, taa na Wi-Fi inatosha. Mkopo wa sako au murabaha, ambapo benki hununua mitambo na kukuuzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, yote yanawezekana, ila muda wa kulipa uwe mfupi kuliko dhamana ya betri.

Mpangaji wa ghorofa, paa si lako. Usitoboe kitu bila barua ya mwenye nyumba inayosema vyuma ni vya nani siku ukihama na nani ataziba matundu. Kama hataki, inveta na betri zinazochajiwa kwa tokeni zitakupa taa na feni stima ikipotea, japo hazitapunguza bili hata shilingi, zitaongeza kidogo.

Siku ya kukabidhiwa, usitie sahihi mpaka ufanye haya. Saa saba mchana, jua likiwa wazi, soma wati kwenye kioo cha inveta huku nyumba ikiwa na mzigo na betri haijajaa. Paneli nne zionyeshe kama 1,600 au zaidi. Zima swichi kuu ya stima. Friji na taa ziendelee bila wewe kugusa kitu. Washa pampu hali hiyo hiyo. Usiku wa kwanza, betri ikiwa imejaa, weka mzigo wa wati 1,000 usiobadilika: betri ya yuniti 5.1 iende zaidi ya saa nne. Ikikata baada ya saa mbili na nusu, ndani kuna seli zilizotumika zikavishwa ganda jipya. Mwisho, mchoro wa waya zote ubandikwe ndani ya mlango wa boksi la breka, pamoja na maneno ya siri ya kuingilia programu ya inveta, yakiwa kwa jina lako wewe.

Tuingie kwenye maswali. Aliyekuja na risiti ya tokeni asogee mbele, tuanze na zake.